Code yangu ya zamu za vizimba ilimwonea namba 14

Wakuu, heshima zenu. Hili sijamwambia hata mke wangu, na sitaongeza chumvi.

Nakaa Usagara, natengeneza simu na kuandika vijiprogramu. Mwaka jana kikundi cha kufuga sato kwenye vizimba, upande wa Kigongo, kiliniomba programu ya kupanga zamu. Kila asubuhi mtu mmoja anapiga kasia kwenda kulisha samaki. Mwenyekiti alikuwa anatuhumiwa kupendelea ndugu zake, wakataka kila mwanachama awe na namba yake, 1 hadi 20, na mashine ichague kwa random.

Sharti lilikuwa moja: aliyefiwa haingii ziwani mpaka amalize arobaini.

Hapo ndipo nilipochemka. Badala ya kuiambia code ichague kati ya waliobaki, niliandika: ukiangukia namba iliyozuiwa, sogea kwa inayofuata.

Uvivu, wakuu. Si kingine.

Kisha ndugu watatu wakafiwa na baba yao. Walijiandikisha siku moja, kwa hiyo namba zao zilifuatana: 11, 12, 13. Zikazuiwa zote. Mashine ikiangukia yoyote kati ya hizo, zamu inaishia kwa 14.

14 alikuwa Mama Kulwa, mjane, hajui kuogelea.

Alinifuata kibandani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, hiyo mashine mbona imenizoea? Wiki hii mara tatu."

Nikacheka. "Mama, mashine haijui sura ya mtu. Ni bahati tu."

Akaondoka bila ubishi. Laptop ilikuwa mezani, sikuifungua.

Zamu yake iliyofuata upepo ulichafuka, mtumbwi ukapinduka. Walimpata siku ya pili.

Msibani walisema siku yake ilikuwa imefika. Nikarudi nyumbani, nikaiendesha ile code mara elfu moja. Namba 14 ilitoka karibu mara nne ya wengine.

Nililia, siwafichi.

Code nimeirekebisha. Somo kwa mnaoandika: ukizuia namba, ziondoe kwanza ndipo uchague, usimtupie jirani mzigo. Na mtu akilalamika, fungua code kabla hujafungua mdomo.

Sasa Kulwa, binti yake, amerithi nafasi ya mama. Arobaini imekwisha, Jumatatu anaingia kwenye zamu.

Juzi kaniuliza, "Kaka, kweli hiyo mashine haina upendeleo?"

Nikamjibu haina. Akanishukuru.

Mngekuwa ninyi, mngemwambia? Nitasoma kila comment, hata matusi.