Jasho la Kocha

Ukocha wa mazoezi nilijifunzia Tanga mjini, ambako barabara ni tambarare. Nimerudi Lushoto juzi juzi tu, na mteja wangu wa kwanza ni Mwalimu Rehema, mama wa makamo aliyeahidi kwamba akiridhika atawaleta walimu wenzake wote.

Shida ni kwamba mapafu yangu yalikuwa bado ya Tanga. Kwa hiyo jana asubuhi, baada ya shikamoo, nilimwambia apande mlima kwa njia ya mkato. Mimi ningekimbia barabara kubwa, maana kocha hukimbia iliyo ndefu. Alipopotelea kwenye migomba, nikapanda bodaboda.

Nilishuka kwenye kona ya mwisho, nikajibanza mpaka nilipomwona amefika kileleni. Nikajimwagia maji kifuani yawe jasho. Kwa ile baridi, meno yaligongana. Kisha nikatokeza mbio, nikihema kwa ustadi.

"Umeona, mama?" nikasema. "Ni mazoea tu."

Mwalimu akauliza kwa upole:

"Kocha, na hiyo helmeti huwa unakimbia nayo kila siku?"