Aliyeitika Badala ya Justa

Mama mdogo wangu, Prudencia Mutayoba, anasoma ubongo wa watu kama sisi tunavyosoma ramani kwenye jiografia. Sebuleni kwake Kiseke ametundika picha nyeusi na kijivu, na mgeni akiuliza ni nini anajibu, "Kichwa cha mtu hicho. Karibu chai."

Kwao ni Muleba. Alipokuwa shule ya bweni, msichana wa kitanda cha jirani alianguka kifafa, na wenzao wakakimbia, eti lile povu linaambukiza. Yeye alibaki. Aliona macho ya yule msichana yakifuata kitu hewani, polepole, kama mtu anayepita. Akatamani kujua ni nini. Akasomea udaktari, akaenda nje kujifunza mashine ya sumaku inayopiga picha ubongo, kisha akarudi Mwanza kutafiti kifafa.

Habari ya Justa nilimsumbua sana mpaka akanisimulia.

Justa ni wa upande wa Kigongo, na ana umri kama wangu. Baba yake, Masele, alizama ziwani. Tangu hapo, kila mara kabla ya kuanguka, Justa alisikia baba akimwita kutoka majini. Mara ya mwisho alianguka akiteka maji, wavuvi wakamtoa akiwa hapumui vizuri. Alipoletwa kwa mama mdogo, picha ilionyesha kovu dogo upande wa kushoto wa ubongo. Mama mdogo akamwandikia vidonge. Bibi yake, Kashindye, akavitupa chooni.

"Anayeitwa na marehemu unampa vidonge, daktari?"

"Mama, ngoja tumpime umeme wa ubongo. Mistari ya mashine ikiruka kabla hajasikia sauti, basi sauti inatoka kwenye kovu, siyo ziwani. Hapo utampa dawa?"

Wote walijua kwamba bila dawa Justa angeanguka tena, na safari hiyo huenda mwaloni, anapoteka maji, kusiwe na wavuvi.

"Nitampa," bibi akasema.

Wakambandika nyaya kichwani, wakangoja. Nathaniel, fundi wa mashine, akamwelekeza, "Justa, ukisikia unaitwa, sema abee."

Bibi aliruka kutoka kwenye kiti. "Wewe mwenye miwani, unataka kuniulia mtoto?"

Nathaniel alisahau, na mama mdogo pia, ingawa hata kwao Muleba mtoto hufundishwa hivyo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ukiitika, umekubali kwenda.

"Basi aminye mkono wangu," mama mdogo akasema.

"Aminye. Lakini mmemtega mtu aite, halafu mkae kimya kama wezi? Atakasirika. Aitike mmoja wenu. Huyu kijana."

"Mimi nimeoa juzi tu, bibi!" Nathaniel akasogea nyuma ya mashine.

Mama mdogo akasema ataitika yeye. Alidhani ni jambo dogo, la kumridhisha mama mtu mzima.

Mchana mmoja mistari ya upande wa kushoto ilianza kuruka. Justa alikuwa bado anatafuna muwa, hana habari. Kisha akaacha kutafuna, akageuza uso kwenye kona isiyo na kitu, akaminya mkono.

"Abee," mama mdogo akaiambia ile kona.

Justa akaanguka. Walimlaza ubavu mpaka ikapita. Nathaniel akaonyesha kwa kidole: mistari iliruka kwanza, mkono ukaminywa baadaye. Sauti ilizaliwa kichwani. Mama mdogo alikuwa anajiandaa kumweleza bibi, Justa akafumbua macho.

"Baba ameuliza, huyu mwanamke ni nani."

Nathaniel alitoka nje. Bibi hakuangalia hata mistari. Alinyoosha mkono. "Lete vidonge. Sasa marehemu ameshajua nyumba nyingine."

Justa anameza dawa kila siku na haanguki tena. Amerudi shuleni. Mwezi uliopita alikuja kliniki, akamwambia mama mdogo, "Mimi haniiti tena. Wewe je, daktari?"

Mama mdogo alicheka. Lakini mimi nilipomuuliza swali hilohilo jikoni kwake, hakucheka. Alifunga bomba kwanza.

"Huwa naitwa," alisema. "Nikiwa naosha vyombo. Ni uchovu tu."

"Anakuita kwa jina gani?"

"La Justa."

Akaniambia alishaingia mwenyewe kwenye ile mashine, Nathaniel akampiga picha. Akanionyesha kwenye simu. Tuliitafuta pamoja, yeye akikuza kwa vidole, upande wa kushoto, upande wa kulia. Ubongo wake ni mzima kabisa, hauna kovu popote.

"Umeona? Safi," akasema, akajaribu kutabasamu.

Nilisema nimeona. Kwa kweli, ningefurahi zaidi kama tungelikuta kovu.