Mume Aliyerejea Moyoni

Makarani wa ofisi ya kadhi walimbandika jina la Bi Jumatatu, kwa kuwa kila Jumatatu, mlango ulipofunguliwa, walimkuta ameshafika, ameketi kwenye ncha ya benchi na mkoba mapajani. Fundi cherehani huyo alidai kitu kimoja tu: cheti cha talaka.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kwa simu: "Nimekuacha talaka moja, rudi kwenu." Kesho yake akaifuta sauti ile, ikatoweka kwenye simu zote mbili. Mwanamke alikaa eda akaimaliza. Kinyozi jirani alipotaka kumwoa, dereva akakana kavukavu, akasema hajaacha mtu.

"Ushahidi uko wapi, bibi?" karani alizoea kumwuliza.

"Utazame visigino vyangu vilivyopasuka kwa kuja hapa!"

Jumatatu ya thelathini na moja, hatimaye dereva aliitwa mbele ya kadhi.

"Sheikh, mwambie aape," Bi Jumatatu alisema.

Dereva akageuza maneno. "Hata kama nilisema, Sheikh, nilikwisha mrejea. Eda ilikuwa haijaisha."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilimrejea moyoni."

Bi Jumatatu akasimama wima. "Moyoni! Miezi saba waniita mwongo, kumbe nimesharudishwa na sina habari? Huko moyoni mwako kuna kitanda? Chai nilikunywa na nani?"

Karani alificha cheko nyuma ya faili. Kadhi hakucheka.

"Kijana, anayedai kurejea amekwisha kiri kwamba aliacha. Na kurejea ni kwa ulimi. Ya moyoni siwezi kuyaandika. Eda imepita. Karani, andika cheti."

"Hongera, mama," karani alisema akimkabidhi.

"Hongera ya nini? Sheria ni ileile ya Jumatatu ya kwanza. Kumwita na kumwuliza swali moja kuliwashinda nini?"

"Wazee waliotuachia taratibu hizi hawakuwa na simu."

"Walikuwa na masikio!"

Akatoka bila kuaga. Kibandani kwake mteja alikuwa akisubiri sketi. Bi Jumatatu akachomoa zipu iliyokufa kwa nguvu hata kitambaa kikalia, akapachika mpya, akaishona kutoka juu hadi chini akikanyaga cherehani kwa ghadhabu. Kisha akakata uzi, akaipandisha zipu na kuishusha mara mbili. Ilikubali.