Tembe za Otiende

Muoki, seremala wa Gikomba, alikwenda hospitali kwa ajili ya ngiri. Damu ilipopimwa kabla ya upasuaji, seli nyeupe zikaonekana nyingi kupita kiasi. Akatumwa kliniki ya damu.

"Ni lukemia, mzee," Daktari Nekesa alimwambia. "Saratani ya damu, na ina aina zake. Kuna za ghafla, mtu hulazwa wiki hiyo hiyo na kuwekewa dawa kali. Yako ni ya polepole, ya limfosaiti, aina moja ya seli nyeupe. Kwa sasa haihitaji dawa."

"Haihitaji?"

"Tutakupima kila miezi mitatu. Ikianza kukusumbua, tutaitibu. Kuanza mapema hakutakusaidia."

Muoki alichosikia ni kwamba ana saratani na anarudi nyumbani Njiru mikono mitupu.

Nje, kwenye benchi, alikuwapo Zedekiah Otiende wa Donholm, karani mstaafu. Lukemia yake nayo ilikuwa ya polepole, lakini ya mieloidi, ya seli nyeupe za aina nyingine, na alipenda kuieleza. Kromosomu mbili zilibadilishana vipande, alisema, ikatokea protini inayoamuru seli zizaane ovyo. Tembe zake huizima protini hiyo.

"Zamani tulikuwa tunakwisha kwa miaka michache. Mimi huu ni mwaka wa sita, nameza moja kila siku baada ya chakula."

Kuanzia siku hiyo Muoki alimwonea wivu Otiende: suti yake, mwendo wake, hata jinsi wauguzi walivyomsalimia kwa jina.

"Anaongea Kiingereza na daktari kama watu wa ofisi moja," alimwambia mkewe, Nthoki. "Yeye anapewa dawa. Mimi naambiwa nisubiri. Nisubiri nini?"

Jumapili moja Otiende alimwalika chai. Wenyeji walipotoka kumpokea mtu wa gesi, Muoki aliona tembe juu ya kabati. Akachukua kipande cha pakiti chenye tembe kumi, akakitia mfukoni.

Alizimeza kabla ya kula, ziingie haraka. Siku ya pili alitapika. Siku ya nne macho yalikuwa yamevimba na misuli ya miguu inamkaza, ila kila alipomeza alijiona naye ni mtu wa kutibiwa. Kisha Nthoki akatandika kitanda na kukuta kile kipande chini ya godoro.

"Baba Kavinya, hizi ni za nani?"

Alipoambiwa, alimtia mumewe kile kipande mkononi. "Utazirudisha wewe mwenyewe. Leo."

Otiende alimpokea mlangoni na hakumkaribisha ndani.

"Wewe huna hiyo protini. Hata ungemeza gunia, zisingekutibu. Na zile ndizo zilikuwa zimebaki. Siku nne sijameza, Muoki. Ukikosakosa hivyo, ugonjwa unaweza kuizoea dawa."

"Nisamehe. Nilikuonea wivu."

"Wivu wa nini? Mimi ndiye ninayekutamani wewe, unayeishi bila kumeza kitu! Nitazame."

Muoki alimtazama usoni. Hata baada ya siku nne bila tembe, macho ya Otiende yalikuwa bado yamevimba kama yake mwenyewe aliyoyaona kwenye kioo asubuhi hiyo.

Muoki alimweleza daktari yote, akagombezwa, akapimwa. Hakuwa amedhurika. Kwa mwaka mzima Otiende alimsalimia kwa kichwa tu, kisha polepole wakarudi kukaa benchi moja.

Mwaka wa tatu tezi za shingo za Muoki zilivimba na damu ikapungua. Daktari Nekesa akamwanzishia tembe za aina yake, dawa mpya inayolenga zile limfosaiti zenyewe; zamani wagonjwa, alisema, walikuwa wakiwekewa dripu. Muoki alitoka ameshika pakiti kwa mikono miwili, akamwonyesha Otiende.

"Hongera," Otiende alisema. "Mimi leo nimeambiwa niache. Vipimo vimekaa muda mrefu bila kuuona ugonjwa. Watanipima kila mwezi, ukirudi nitaanza tena."

"Uache kabisa?"

"Kabisa."

Muoki alimpa mkono na kumpongeza. Kisha akatazama ile pakiti yake mpya, akamwonea wivu tena.