Kitambaa cha Shosho na Beseni la Pinki

Nikifungua kabati la mtu nikapigwa na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, hata leo viganja vyangu hutoka jasho. Wenzangu husema ni mzio. Si mzio. Ni duka la Mwalimu Nashipae pale Kitengela, na ni beseni la pinki. Nimelibeba jambo hili peke yangu miaka mingi, na kwa kuwa Mama hayupo tena wa kunikonyeza ninyamaze, wacha niwaambie ninyi.

Nyumbani kwetu vitambaa vilikuwa na cheo kuliko watoto. Kochi lilivaa, meza ilivaa, redio ilivaa, hata chupa ya chai ilikuwa na kikoti chake. Kila Jumamosi tulivivua vyote, tukavifua, tukavichovya kwenye maji ya wanga na kuvipiga pasi hadi vikakakamaa. Wageni wa kanisa walikaa wima kama askari, wakiogopa kuviegemea. Msimamizi wa hayo yote alikuwa Shosho, mama yake Mama, aliyehamia kwetu kutoka Murang'a na sanduku moja la bati. Ukimwonyesha kitambaa kizuri, alisifu maua kwa adabu, kisha akakigeuza. "Kazi ya mkono hutazamwa mgongoni," alisema. "Mbele kila mtu hujipamba."

Ndani ya sanduku lile alitunza kitambaa alichoshona akiwa msichana katika shule ya misheni. Mwalimu wao alichora ubaoni, na darasa zima likashona kitu kilekile: herufi kutoka A hadi Z, tarakimu, nyumba ya mabati, kuku watatu wekundu, na chini jina la mshonaji. Shosho alipofika kwenye kuku wa tatu uzi ulimwishia. Akachomoa nyuzi za buluu kwenye pindo la sare yake, akamalizia nazo. Alichapwa kwa sababu ya sare na kusifiwa kwa sababu ya kuku. Kitambaa kilikaa ukutani miaka mingi hadi jua likanyonya rangi yote ya mbele, kuku wote wakawa wa kijivu. Lakini ukikigeuza, yule wa tatu bado alikuwa buluu kabisa. Shosho alitaka siku yake ikifika, kitambaa hicho kitandikwe chini ya kichwa chake. Alilisema hilo kwa sauti ileile ya kuagiza chai.

Nilikuwa na miaka tisa nilipopasua beseni la kufulia. Nilisimama juu yake nifikie kamba ya nguo, likalia pwaa, na Mama alikuwa kazini, Shosho naye kanisani. Sikuwa nimemaliza kulia nikamsikia Mama Beseni akipita kwenye ploti yetu. Huyu alikuwa mama aliyezunguka na vyombo vya plastiki akivibadilisha kwa nguo kuukuu. Nikamletea gauni zangu mbili zilizonibana. Akazipima kwa macho, akasema ongeza kitu. Nikaenda kufungua sanduku la bati. Nilijua kabisa kitambaa kile cha kuku kilikuwa cha nani. Nikajiambia kina mashimo, kimekuwa cha manjano, na Shosho halifungui sanduku siku hizi. Nikamwongezea. Nikabaki na beseni la pinki, jipya, na Mama aliporudi nikamwambia la zamani lilipasuka nikabadilisha na nguo zangu. Akanisifu kwamba nimeanza kuwa na akili.

Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu ndiye mimi. Wiki chache baadaye Shosho alianguka jikoni. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukaenda nao. Alilazwa Kajiado, na daktari akamwambia Mama ajiandae. Shosho alikuwa akipiga mto wake kwa mkono wa kushoto, kisha anachora hewani kwa kidole, tena na tena, hadi machozi yanamtoka. Mama akaelewa. Akaniambia nikatoe kitambaa sandukuni tukipeleke. Nilisimama pale mlangoni nikamweleza ukweli wote. Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga. Alikaa kitandani, akashika kichwa, akasema, "Ngai, sasa nitamwambia nini?"

Tulimpata Mama Beseni sokoni. Akakumbuka. Vitambaa vya kushonwa kwa mkono, vya kizamani, humpelekea Mwalimu Nashipae, aliyefundisha ushonaji shuleni maisha yake yote, na sasa ana duka la kazi za mikono za zamani.

Lilikuwa chumba kimoja nyuma ya bucha. Ukiingia, vidonge vya nondo vilikushika koo. Kuta zote zilijaa fremu, na ndani ya kila fremu kulikuwa na herufi, ua, mstari wa Biblia, na jina la msichana ambaye sasa ni ajuza au ni marehemu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mrefu, na miwani yake ilining'inia kwenye uzi wa shanga. "Takwenya," akatusalimu. Mama hakujibu salamu. Alianza na kuku watatu.

"Hicho kilienda, mama," Mwalimu akasema. "Kuna mgeni alikuja akakipenda. Alikuwa anapanda ndege hiyo usiku."

Mama aliuliza jina lake, nchi yake, chochote. Mwalimu hakujua. Mama akakaa sakafuni, katikati ya zile fremu, na akalia kwa sauti mbele ya mtu tusiyemjua. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nilitamani ardhi inimeze na beseni langu.

Mwalimu alifungua droo, akafunga, akafungua nyingine. Alirudi na kitambaa cha manjano. Herufi zilezile. Nyumba ileile. Kuku watatu wa kijivu.

"Niko na hiki. Ni cha shule hiyo hiyo. Jina lililiwa na mende, ndio maana hakijaenda. Beba tu. Mgonjwa hangoji."

Langoni mwa hospitali Mama aliniinamia. "Utampa wewe. Utasema umekitoa kwa sanduku. Umesikia?"

Nilimpa mimi. Mkono wake wa kushoto ulikipokea, kidole kikapita juu ya A, juu ya paa la nyumba, juu ya kuku. Uso wake ukalegea. Kisha akaanza kukigeuza. Kwa mkono mmoja, polepole, kikimponyoka na yeye akikishika tena. Mama alitaka kumsaidia, Shosho akamsukuma. Alipofaulu, alikitazama mgongoni muda mrefu. Kuku watatu, wote wekundu. Halafu akanitazama mimi.

"Nilikitoa kwa sanduku, Shosho," nikasema, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Alikikunja juu ya kifua chake. Akainua shingo yake kutoka kwenye mto kwa shida, kichwa kikitetemeka hewani, akangoja. Mama akakitandika. Shosho akalaza kichwa, akaweka mkono wake juu ya nywele zangu, na akauacha hapo hadi tulipofukuzwa. Hakupiga mto tena. Siku ya pili alikufa.

Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na raha. Tuliweza! Siku ya mazishi nilikula mandazi matano. Niliamini kwamba tulimdanganya Shosho vizuri, na niliamini hivyo miaka kumi na zaidi, hadi siku moja harusini mtu aliponionyesha kitambaa alichoshona. Nikasifu maua. Kisha, bila kufikiri, nikakigeuza. Nikabaki nimekishika tu, watu wakaniuliza kama naumwa.

Alijua. Alitafuta kuku wake wa buluu, hakumwona, na nguvu kidogo alizobaki nazo akazitumia kuinua kichwa ili alalie kitambaa cha msichana mwingine, mbele ya mtoto aliyemwibia.

Duka sasa ni la binti ya Mwalimu. Hupita pale kila nikiwa Kitengela, nikageuza kila kitambaa kilichoingia. Yeye hudhani nakagua ushonaji. Nikitoka narudi nyumbani kufua, na beseni ninalofulia ni lile la pinki. Hadi leo halijapasuka.