Nondo Aliyepauka Koponi

Kituoni walimwita Makini, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa ya kulinda msitu hakuwahi kukosea jina la mti. Siku hiyo alikamata nondo wa kijani, akamtia kwenye kopo lenye pamba iliyolowa ili asikauke. Alipolifungua ofisini kesho yake, moyo ulimlipuka: unyevu ulikuwa umekifuta kijani chote. Nondo alikuwa amegeuka wa manjano.

Bwana misitu, mkuu wake, akamlinganisha na picha ya wadudu waharibifu iliyokuwa ukutani. "Ndiye huyu mla miti. Jumatatu tunapulizia sumu. Tia sahihi kwenye karatasi hii kuthibitisha."

Makini alijua kwamba nondo wa manjano hukunja majani na kuumaliza mti mzima. Huyu wake hushinda mchana kutwa chini ya jani, mabawa ameyatandaza. Kiwavi wake hujinyoosha kama kijiti na hula kidogo tu. Lakini kusema hivyo ni kukiri uzembe wa ile pamba, na siku hizo watu walikuwa wakipunguzwa kazini. Akatia sahihi. Mimi simtetei: woga si udhuru.

Dada yake alikuwa na mizinga kumi na miwili ya nyuki ndani ya msitu huo, na hakuwa na kazi nyingine. Aliposikia habari ya sumu, alimuuliza wakinywa chai:

"Mdogo wangu, hiyo sumu haitawagusa nyuki wangu?"

"Haitawagusa, dada."

"Mbona hunitazami? Nimeota ndevu?" Dada akacheka peke yake. Makini aliinuka bila kuimaliza chai yake.

Jumatatu asubuhi wapuliziaji walisimama ukingoni mwa msitu, mabomba mgongoni.

"We Makini, umepauka kama umeramba chokaa!" mmoja akamtania.

 Makini aliingia chini ya matawi, akageuza jani baada ya jani, akisikia nyuma yake mabomba yakijazwa upepo. Hatimaye akampata mmoja, kijani kibichi, ametulia. Akamfunika kwa chupa kavu na kukimbia hadi kwa bwana misitu pale ukingoni.

"Mkuu, nondo ni huyu, hana madhara. Yule wa koponi nilimfuta rangi mwenyewe kwa pamba ya maji. Nililijua hilo, nikanyamaza."

Bwana misitu aliitazama chupa, kisha ile karatasi yenye sahihi. "Unajua hayo maneno yatakufikisha wapi?"

"Najua, mkuu."

"Basi yaandike." Akawageukia wapuliziaji. "Tueni mabomba."

Makini alipiga magoti, karatasi juu ya paja, jasho likimtiririka. Alipofika kwenye jina lake, tone la jasho liliuangukia wino hata jina halikusomeka. Akalikata, akaliandika upya.