Siku Niliyomzika Baba kwa Ajili ya Pilau

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwingine, maana hapa Birmingham ikipita midomo miwili tu inaongezwa chumvi, na hii yangu haihitaji chumvi. Mimi ndiye yule Sudi wa duka la muhogo pale Lozells aliyegombea udiwani, na ndiye niliyemuua baba yangu mzazi kwa kipaza sauti, Jumamosi mchana, mbele ya watu, na yeye yuko Tanga amekaa barazani anakunywa kahawa yake.

Kilichoniingiza kwenye siasa ni kreti za ndizi. Nilikuwa nazipanga nje ya duka, ikaja barua kwamba nimeziba njia ya waendao kwa miguu, nizitoe, basi nikazitoa, lakini moyoni hazikutoka, na tangu siku hiyo kila mteja aliyekuja kununua papa mkavu aliondoka na hotuba juu. Serikali imekuwa kubwa mno, nilikuwa nawaambia, inataka kujua umeweka nini mlangoni na umejenga nini uani, kesho itataka kujua umepika nini. Nikajiandikisha mgombea binafsi. Kauli yangu ikawa Serikali Ndogo, Mwananchi Mkubwa: kodi ipungue, vibali vipungue, na serikali itoke jikoni mwa watu. Nilikuwa nagombea udiwani wa kata moja tu, ila kichwani nilishajiteua kuwa meya wa mkoa mzima (suti nilishaichagua, ya kijivu).

Ningefika mbali kama si Njeri. Njeri ni Mkenya, muuguzi, mama wa watu, naye alikuwa anagombea kiti hicho hicho akitaka kinyume cha kila nilichotaka mimi: zahanati ziongezwe, maktaba zirudi, mabasi yawe mengi. Sikumchukia kwa hayo. Nilimchukia kwa sababu watu walimpenda. Akiitisha mkutano kule Aston, mtaa wa jirani, kwa kikombe cha chai tu, watu wanasimama mpaka kwenye ngazi, mimi nikiitisha wangu wanakuja kumi na mmoja, na watatu kati yao nalala nao nyumba moja. Siku moja aliingia dukani kwangu kununua ndizi, wateja wangu mwenyewe wakapanga foleni kupiga naye picha, chini ya bango langu, na mmoja akaniomba niwapigie. Nikawapigia. Nikawauliza kama imetoka vizuri.

Nyumbani ndiko kulikozidi. Mke wangu Mwanaidi akasema tu, bila nia mbaya, "Yule dada anaongea vizuri, anasikiliza mtu mpaka mwisho," mie usiku mzima sikulala, nageuka huku nageuka huku, nahesabu mimi husikiliza watu mpaka wapi.

Sasa hapo ndipo nilipoamua jambo dogo. Nikamwambia Mwanaidi mkutano wangu wa mwisho tupike pilau. Akanitazama. "Mkutano wa siasa huo, au arusi?" Nikamjibu watu wetu hawaitwi kwa karatasi, watu wetu wanaitwa kwa chakula, nani amewahi kumkaribisha mgeni akamkalisha akamsomea sera na tumbo tupu. Tukaazima masufuria mawili makubwa na masinia, tukanunua mbuzi, nikatangaza kwenye magrupu yote ya WhatsApp, na pilau nikalitaja kabla ya sera. Siku ilipofika ukumbi ulijaa, jamaa zangu, ukajaa mpaka watu wakakaa madirishani. Harufu ya bizari inatoka jikoni, mimi nahutubia juu ya kodi, na kila nikisema serikali itoke jikoni mwenu watu wanapiga makofi wakitazama mlango wa jiko. Nikawa nasema moyoni, Njeri angekuja aone.

Masinia ya kwanza yalipotoka na watu wameanza kunawa mikono, akaingia Kombo. Kombo ni wakala wangu wa uchaguzi, Mpemba, mhasibu, mtu anayesoma maandishi madogo mpaka nyuma ya pakiti ya sukari. Alikuwa amechelewa kwa sababu Aston kulikuwa na mpira na barabara zimefungwa. Akaliona sinia, akanivuta pembeni.

"Sudi, hiki nini?"

"Pilau."

"Kwa chai na biskuti hawakugusi. Lakini kumlisha mpiga kura mbuzi mzima chini ya picha yako, hapa nchini wanaiita hongo. Unaweza kushinda na ukavuliwa udiwani. Unaweza kushtakiwa. Na kule nyuma kuna Mzungu anapiga picha."

Nikageuka, kweli, yupo Mzungu mmoja mwembamba ameinua simu juu ya sinia (nilikuja kujua baadaye ni mume wa mwalimu mmoja wa mtaani kwetu na alikuwa anapiga picha ya kumtumia dada yake aone wali). Niliona mambo mawili kwa mpigo: niwaambie watu mia waliokwisha kunawa kwamba chakula hakuna, nao watoke hapo moja kwa moja mpaka kwa Njeri, au niwalishe, nivuliwe, na kiti aende kukikalia Njeri. Kila njia inafika kwake. Nikashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," nikasema, "chakula hiki si cha kampeni. Mkutano umekwisha. Chakula hiki ni cha hitma, cha kumwombea marehemu."

Kombo akafumba macho. Nikaanza kubandua picha zangu ukutani kwa haraka, nikidhani yamekwisha, akasimama Maalim Shali, mzee wetu wa msikitini, akaniuliza kwa upole hitma ya nani. Babu yangu alikufa kabla sijazaliwa, ningemtaja yeye nisingesema uongo wowote, na mpaka leo najiuliza kwa nini ulimi haukwenda kwa babu.

"Ya mzee wangu," nikasema. "Ya baba."

Inna lillahi ikapita safu kwa safu. Maalim akauliza lini, nikasema Alhamisi, ili leo iwe siku ya tatu. Akasema, "Lakini jana mwanangu umenipimia muhogo unacheka." Nikasema nilikuwa najikaza. Akasema, "Na sasa hivi ulikuwa unahutubia kodi." Nikasema ndivyo alivyousia mwenyewe, kwamba mkutano usiahirishwe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa bado natembea.

Maalim akaanza Yasini. Na hapo jikoni nikasikia kilio, kilio cha Mwanaidi, maana wanawake walikuwa wamemfikishia kwamba baba mkwe hayupo duniani. Baba alimpenda Mwanaidi kuliko alivyonipenda mie (huo nao ni wivu mwingine, tuuache), akaja ukumbini mtandio umemdondoka, akanishika mabega mbele ya watu wote. "Tangu Alhamisi, Sudi? Tangu Alhamisi unajua na hukuniambia?" Nilitaka kumnong'oneza, lakini watu walikuwa wametuzunguka, kila mmoja na mkono wake mgongoni kwangu, nikabaki namwangalia mke wangu analia kweli kwa ajili ya pilau.

Simu zikatoka. Hapa mjini habari ya msiba haihitaji dakika kumi, na yule jamaa wa kwanza aliyeandika kwenye grupu aliweka na picha ya baba, sijui aliitoa wapi. Nikawa natafuta namna ya kutoka, hata kwa mlango wa jikoni, mara mlango mkubwa ukafunguka akaingia Njeri, na nyuma yake mkutano wake wote kutoka Aston, wameongozana, wengine bado wamebandika vifuani vibandiko vyenye jina lake, wakavibandua mlangoni kwa heshima. Walikuja kwa miguu kwa sababu ya zile barabara zilizofungwa.

Akaomba kipaza sauti. "Ndugu Sudi, pole sana. Hiyo message ilipofika nilikuwa katikati ya speech, nikawaambia watu wangu, leo hatufanyi campaign. Mtu akifiwa na babake, siasa inangoja. Huyu ni neighbour yetu." Kisha akaongea juu ya kufiwa na baba ukiwa ng'ambo, jinsi unavyopigiwa simu ukiwa kazini na unabaki umeshika simu hujui uende wapi, na wakalia, wangu na wake, hata Kombo anayejua ukweli akafuta miwani. Mie pia nililia. Nitawaambia kwa nini nililia, maana nimekwisha vuka aibu: nililia kwa wivu. Nilikuwa nawaza kwamba hata msiba wangu, ambao nimeutunga mwenyewe, mwanamke huyu anauendesha vizuri kuliko mie.

Hapo ndipo binti yangu Samira akapenya katikati ya watu ameinua simu. "Dad," akasema, "it's Babu. He's asking who died."

Nilipaswa kuikata. Lakini Samira alikuwa amekwisha ifikisha usoni kwangu, karibu na kipaza sauti, na baba siku zote huongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Sudi," ikasema sauti ya marehemu ukumbi mzima, "watu wamejaa uani kwangu. Nawauliza nani amekufa, wananitazama. Sasa wewe mtoto wangu niambie, nimekufa kwa maradhi gani, na mimi nijue."

Hakuna aliyecheka. Ningewalipa wacheke. Mwanaidi alikaa chini sakafuni. Nikasema hapo hapo, mbele ya kile kipaza sauti, kwamba baba yu hai, kwamba hitma ni uongo, kwamba niliogopa sheria, na nilipoona hawanielewi nikasema lililobaki, kwamba nilipika kwa sababu Njeri anapata watu na mie sipati. Baba akauliza:

"Huyo Njeri ndiye yupi?"

Samira akageuza simu. Njeri akainamisha kichwa, bado ana machozi, akasema, "Shikamoo mzee. Nimefurahi uko sawa."

"Marahaba. Wewe ulikuwa unanililia mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mnagombania nini na huyu?"

"Udiwani."

"Basi mpeni huyo," akasema baba, akakata simu.

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka wakatoka, wakacheka mpaka kituo cha basi, na pilau likabaki. Halikuweza kuliwa pale, na sikuweza kumpa jirani hata sahani, kwa sababu kila jirani ni mpiga kura, Kombo akanisimamia nikalipakia kwenye gari sufuria kwa sufuria nikalipeleka Digbeth, kata nyingine, kuwagawia watu ambao sina haja na kura zao. Mmoja aliniuliza ni shughuli gani. Nikamwongezea nyama.

Mwanaidi hakusema nami siku nne. Siku ya tano alisema, "Ulinifanya nimlilie mtu aliye hai," na hiyo ilikuwa nzito kuliko zile nne.

Siku ya kura niliingia asubuhi kwenye shule tunapopigia kura, nikasimama kwenye kile kibanda na penseli yake, jina langu lipo na jina la Njeri lipo, na wallahi wivu ulikuwa bado unanichoma, nilisimama mpaka yule mama msimamizi akakohoa. Lakini mzee alikuwa amekwisha sema, na mie nilishamzika mara moja bila ruhusa yake. Nikatia alama kwa Njeri, nikaikunja karatasi, nikaitumbukiza. Kugombea sigombei tena, hata ukatibu wa chama cha mazishi nimeukataa, hasa huo, na siku hizi ukinikuta dukani ukaniuliza habari za nyumbani, kabla sijasema njema nakwambia kwanza baba yu hai.